Usipite Njia ya Mihogoni

Kakuyuni, jioni

Mwanangu Kadzo,

Kuanzia Gede mpaka Marafa, ukimtaja Kazungu wa makuti na mtu akakujibu kwamba hamjui, basi ama huyo ni mgeni aliyeshuka leo, ama ana wivu. Hoteli za Malindi unazoziona zimesimama, zimesimama kwa sababu mimi nilikubali zisimame. Yuko Mwitaliano mmoja mwenye hoteli pale ufukweni, alikuwa hanywi kahawa yake asubuhi mpaka kwanza aniulize kama mvua itanyesha. Na ule upepo uliong'oa mapaa Watamu nzima, ulipofika kwenye paa langu ulisimama, ukalitazama, ukarudi ulikotoka. Watu waliona. Yuko mkubwa wa nchi fulani ya Ulaya, jina la nchi limenitoka, alilala chini ya paa hilo akakataa kurudi kwao, ikabidi mkewe apande ndege aje kumchukua. Nakwambia haya ili usifikiri kwamba unapewa maneno na mtu hivi hivi.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Ya sweta na blanketi umekwisha kuambiwa na mke wangu. Ya wanaume umeambiwa na hawe wako, na jinsi ninavyomjua mama yangu, ameyasema yote na mengine ameongeza. Mchungaji amekupa ya kanisani. Mimi darasa langu liliishia la tano, na hilo la tano lenyewe nililisoma nusu, nusu nyingine niliwasomea mbuzi. Mkono huu umezoea sindano ya makuti, kalamu inauteleza. Lakini marehemu baba yako alikuwa kaka yangu, na kwetu ndugu wa baba ni baba, hakuna udogo wala ukubwa. Kwa hiyo ninalo la kukwambia, na sitaki kulisema mbele ya watu, maana mbele ya watu nikianza kusema huwa nafika mbali.

Wiki iliyopita hawe alinivuta nyuma ya jiko. Akaniambia siku ya kwenda Nakuru mtoto atoke kabla ya jogoo, apite njia ya mihogoni, atokee barabarani kule mbele baada ya maduka, ili asionekane na mtu. Anayeuliza aambiwe Kadzo amekwenda Marafa kwa shangazi yake kusaidia mavuno. Akaninyooshea kidole. "Na wewe Kazungu, mdomo wako huo uufunge." Nikasema ndiyo, mama. Wewe ulikuwa unaosha vyombo pale pale, nikakuona unaitikia kwa kichwa.

Basi barua hii ni ya hiyo njia ya mihogoni.

Usimcheke hawe wako. Anajua anachokiogopa. Wewe ulikuwa mdogo mno kuikumbuka nyumba ya kwanza ya baba yako. Karisa alikuwa mtu wa kazi, maneno yote ya ukoo aliniachia mimi. Alilima ufuta, akaokota korosho, akauza, mwisho akanunua mabati. Miaka ile pande hizi bati lilikuwa juu ya duka, juu ya shule na juu ya kanisa. Mtu wa kawaida akiezeka bati, watu hawasemi amefanikiwa. Wanauliza amelipata wapi, na kwa nini yeye. Kuanzia siku hiyo akikohoa, majirani wanatazamana.

Sasa baba yako akafanya jambo ambalo nadhani hakuna watu wengine chini ya jua wangelifanya isipokuwa sisi. Siku kijiji kizima kilipokwenda matangani Ganze, tuliyapandisha yale mabati, yeye na mimi, halafu juu ya mabati akaniambia niezeke makuti. Nikaezeka. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote nilizopata kufanya, na haikuruhusiwa kusifiwa na mtu. Watu waliporudi kutoka Ganze waliikuta nyumba ya makuti mapya, wakasema hongera Karisa, wakapita.

Tulilolisahau ni mnazi. Pembeni mwa ile nyumba palikuwa na mnazi umeinama juu ya paa. Nazi ikianguka juu ya makuti husema puu, basi. Siku moja tumekaa nje na wageni, nazi ikaanguka, na nyumba ikapiga kelele kama mtu amepiga pipa kwa rungu. Mzee Baya, jirani yetu, akainua macho taratibu. "Karisa, mbona makuti yako yanalia?" Baba yako akamjibu ni sufuria imeanguka ndani. Hatujakaa sawa, ikaanguka ya pili. Mzee Baya akanywa pombe yake ya mnazi, akafuta mdomo. "Leo sufuria zako hazina mkao," akasema.

Tulicheka mpaka wao wakacheka. Na miaka ikapita bila neno. Lakini baadaye baba yako akashikwa na homa. Alipozidiwa, watu walikumbuka bati kabla ya kukumbuka hospitali. Hata sisi wenyewe. Tulimpeleka kwa mganga mmoja, halafu kwa mwingine upande wa Marafa aliyesifiwa zaidi, tukitafuta ni nani. Tulipofika hospitali ya Malindi yule daktari alimtazama, akatutazama sisi, akauliza kwa nini hatukuja mapema.

Baada ya maziko hawe aliamuru mabati yashushwe yote. Hakutaka hata kuyatia machoni. Akayatoa sadaka kanisani, ndiyo hayo unayoyaona juu ya choo cha mchungaji.

Kwa hiyo mama yangu alizika mwana, na kwa hesabu yake aliyemuua ni macho ya watu. Hakuna atakayemtoa kwenye hesabu hiyo, na mimi sijajaribu. Ninachokijua mimi ni kidogo tu, kwamba tulichelewa. Wewe ndiye unayekwenda kujifunza mambo hayo. Ukishajua ilikuwa homa gani, uje uniambie mimi kwanza, halafu tutaona pamoja kama aambiwe.

Lakini nataka ujue na hili pia, maana wanaolisema la kwanza huwa wanalisahau la pili. Watu wale wale tuliowaficha bati ndio waliochimba kaburi. Mzee Baya wa sufuria alikaa na hawe siku zote za matanga, haendi kwake ila kubadili shuka. Msimu ule hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushika jembe hapa nyumbani, na shamba letu lilipandwa lote. Walikuja asubuhi wakiimba, wakalima, wakapanda, wakaondoka, hatukuwaita. Wewe umekula mahindi hayo. Mimi nimekaa na watu wa namna nyingi, na sijaona wengine ambao mtu akianguka wanamwinua upesi kama watu wetu. Tatizo letu liko pale mtu anaposimama. Akisimama mrefu kidogo kupita wenziwe, hatujui tumfanye nini, na yeye hajui ajifiche wapi.

Na mimi nimejificha. Hapa sasa nisikilize vizuri, maana habari hii umeisikia mara nyingi na kila mara niliisimulia vingine.

Unajua nimekuwa nikisema kwamba nilipokuwa kijana nilichaguliwa na serikali kwenda kusomea mitambo ya pampu, na kwamba nilikataa. Wakati mwingine nimesema mzungu alipiga magoti. Kuchaguliwa ni kweli. Watu wa maji walikuja kupima njia ya mabomba, mimi nikawabebea vyuma vyao vya kupimia, mkubwa wao akaona nina akili ya haraka, akaandika jina langu. Niripoti Mombasa. Nikamwambia hawe peke yake, na tukafanya kama anavyotaka ufanye wewe. Nilitoka gizani kwa njia hiyo hiyo ya mihogoni. Watu wakaambiwa Kazungu amekwenda Mambrui kwenye matanga.

Jua lilipopanda, tarishi wa idara ya maji akafika hapa kwa baiskeli. Mpango umebadilika. Mafunzo hayafanyiki tena Mombasa, yamehamishwa Voi, na liko lori linaondoka Malindi mchana huo huo na vijana wote waliochaguliwa. Kazungu yuko wapi? Kila aliyemuuliza akamwambia Mambrui. Hawe alikuwa shambani, na hata angekuwepo sidhani angesema. Yule maskini akageuza baiskeli akaenda Mambrui. Akaizunguka Mambrui yote akiuliza matanga yako wapi. Watu wa Mambrui wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe ni nani amekufa, na wako walioanza kulia ili wasionekane wamechelewa.

Mimi wakati huo niko Kilifi, nasubiri feri. Siku ile feri ilikuwa mbovu, magari yamepanga mstari mpaka juu, abiria tumeshuka tunakaa kivulini. Nikaona lori linakuja kutoka upande wa Malindi, limejaa vijana wanaimba. Juu yake nikamwona Charo, mwana wa hapa hapa Kakuyuni. Nikasema moyoni, Charo akiniona, kijiji kizima kitajua nimekwenda Mombasa. Palikuwa na magunia ya makaa. Nikaenda nikachutama nyuma ya magunia ya makaa, nimejitanda shuka kichwani kama bibi harusi, mpaka feri ikatengenezwa ikarudi ikalichukua lile lori na nyimbo zao. Nikawatazama wanavuka. Nilijiona mjanja sana.

Lilikuwa lori langu, Kadzo. Nililikimbia lori langu mwenyewe.

Mombasa nilikuta lango limefungwa na bawabu anakula muhogo. Akanieleza. Voi sikuwa na njia ya kufika, wala sikumjua mtu kuanzia pale langoni mpaka Voi, na huko nyuma hakuna aliyejua niko wapi ili anitafute. Nikarudi nyumbani nikasema matanga yalikuwa makubwa.

Charo alikuja likizo mwaka uliofuata. Wakati ule alikuwa hajawa mkubwa wa pampu kama alivyo leo. Akaniambia bila ubaya wowote, "Tulikuwekea nafasi mpaka Voi. Tuliweka begi ili asikalie mtu." Mpaka leo nikikutana na begi limekaa peke yake kwenye kiti, silipendi.

Nikafanya vibarua Malindi mjini, na ndipo nilipoanza kuona kwamba watu si namna moja, na kwamba kila mahali mtu anapita kwa mlango wake. Mwaka wa kwanza niliziba mapaa katika mitaa ya zamani, kwa bibi mmoja, Bi Rukia, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza nilifika uani kwake nimebeba kuti begani, nikasema nimekuja. Akaniambia nitoke nje, nibishe hodi kama mwana wa watu, kisha niingie kama nimealikwa. Nikatoka. Nikarudi. Nikasema hodi, akasema karibu, nikasema shikamoo, akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za mimba za mbuzi, mpaka kuti likaniumiza bega. Nikadhani ananitesa. Alikuwa ananifunza. Kiswahili hiki ninachokiandika alininyoosha yeye, na baadaye hotelini niliitwa mbele ya wageni kwa sababu ya Kiswahili hicho, si kwa sababu ya makuti.

Lakini swali lao la kwanza watu wale lilikuwa wewe mtu wa nani. Kama baba wa baba yako anajulikana, milango inafunguka ambayo hukujua kwamba ni milango. Kama hajulikani, unapewa maji ya kunywa kwa adabu kabisa, na unabaki uani. Zilikuwepo kazi za dukani kwa jamaa zake ambazo ningeziweza. Nilipouliza, Bi Rukia alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe tunakupenda," akasema, na akanimiminia kahawa nyingine. Nikaelewa. Hakunidanganya wala hakunitukana. Alinieleza tu mahali ukuta ulipo.

Kisha hoteli zikaanza, na bara ikashuka Malindi. Nikafanya kazi na seremala mmoja, Owino, kwao ni upande wa ziwa. Yeye anasimamisha boriti, mimi naezeka juu yake. Alikuwa amepanga Maweni katika nyumba ya vyumba vingi, wote watu wa bara, na wote wanajua kila kitu cha kila mmoja. Jumapili moja ananiambia nije kwake, kuna jambo. Nafika nakuta watu wamejaa mpaka uani, viti vimeazimwa, mchungaji yuko, chai inapita. Nikadhani kuna msiba. Nikauliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki. Kumbe mwana wa dada yake Owino amepata nafasi chuo cha ualimu, anaondoka wiki ijayo.

Kadzo, sikiliza walichofanya. Walimsimamisha yule kijana katikati, wakasema jina lake, jina la chuo, siku atakayoondoka na gari atakalopanda. Kwa sauti. Mbele ya watu ambao wengine hata hawawajui vizuri. Nikamvuta Owino pembeni nikamwambia, "Mtamuua huyu kijana."

Akanitazama kama hajanielewa. Nikamweleza mambo yetu, jicho, na kadhalika. Hakunicheka. Akafikiri.

"Sasa Kazungu," akasema, "nisipowaambia, akikwama njiani, nani atajua kwamba amekwama?"

Tukarudi tukakaa. Na nikaona walivyofanya. Mmoja akainuka akasema ana binamu yake stesheni ya Nairobi, atamwona kijana apandapo gari la pili. Mwingine akasema shemeji yake ana chumba karibu na hicho chuo. Mama mmoja hakuwa na la kusema, akavua sweta aliyoivaa akampa. Ikawa kabla ya chai kwisha, yule kijana ana mtu wa kumwita kwa jina kuanzia Malindi mpaka mlangoni pa darasa. Mimi nimekaa pale nakumbuka lango la Mombasa na yule bawabu na muhogo wake. Nilikuwa na akili kama kijana yule. Nilikuwa nayo zaidi, kama unataka ukweli, maana yeye alikuwa mzito kidogo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitoka kwao akiwa amebebwa, na mimi nilitoka kwetu nikiwa nimefichwa.

Usije ukafikiri nakwambia watu wa bara ni bora. Yule kijana alimaliza, akafundisha mwaka mmoja, kisha akasema hapendi ualimu, anataka kufanya kazi melini. Wakamjia. Ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama wa sweta naye alikuja. Yule kijana alikuwa hawezi hata kununua viatu bila kikao kukaa. Owino mwenyewe aliniambia siku moja tuko juu ya paa kwamba wakati mwingine anatamani watu wake wangekuwa wengi kidogo kwa mbali na wachache kidogo kwa karibu. Tena wapo waliokuja Malindi kutoka bara bila watu wao, hao nimewaona wakifa katika vyumba vya kupanga na jirani hajui kijiji chao. Kwa hiyo siyo kabila wala siyo hewa ya mahali. Ni kitu watu wanachofanya wao kwa wao, wamekifanya siku nyingi mpaka wakasahau kwamba wangeweza kufanya vingine.

Na wewe unakwenda Nakuru, kwenye chuo cha uuguzi, katikati ya watu wa kila namna. Watasema watu wa pwani ni wavivu. Ukiamka mapema wataona ni ajabu, ukichelewa mara moja watasema si tulijua. Watakuuliza kama kweli kwenu kuna majini. Waambie yapo, na yanalipa kodi. Watakucheka unavyozungumza, watakwambia unaongea kama redio. Wewe ongea hivyo hivyo. Mgonjwa aliyelala hospitalini ameogopa, ukimwamkia vizuri na ukamwuliza habari zake mpaka mwisho, hatajali kwenu ni wapi. Hilo Bi Rukia alikufunza wewe kupitia kwangu, ingawa hukumjua.

Utaona pia kwamba wenzako wengine wana dada, shangazi, mwalimu, mtu wa kuwaambia mtihani huu unafanywa hivi, matroni huyu usimjibu hivi. Wewe huna, kwa sababu kwetu hakuna aliyekwenda kabla yako. Usiseme moyoni kwamba wao wana akili. Wana mtu aliyetangulia. Uliza. Mimi kuuliza kulinishinda, nilikuwa naona nikiuliza nitaonekana sijui, na kwa hiyo nikabaki kweli sijui, huku naonekana najua. Hiyo ni kazi ngumu, Kadzo, kuliko kuezeka. Nimeifanya muda mrefu na sikushauri.

Na ukipata mtoto mwingine wa pande zetu amefika huko baada yako, hata kama ni wa ukoo tusioelewana nao, mpokee. Mwonyeshe jikoni ni wapi. Usingoje akuambie amekwama. Wa kwetu hatasema, atakwambia amekwenda matangani.

Sasa ya kesho. Nimefikiri sana kabla ya kusema haya, maana nakuomba uvunje neno la hawe, na mimi mwenyewe sijawahi kulivunja mbele yake. Usipite mihogoni. Ngoja kupambazuke. Kunywa chai. Toka kwa njia kubwa, katikati ya maduka, na sanduku lako kichwani pa mwenzio anayeonekana. Kila mtu mwamkie, na akikuuliza unakwenda wapi, mwambie Nakuru. Nitamwambia hawe mimi, nikiwa nimesimama mahali ambapo fimbo yake haifiki. Atalia. Atasema nimemtoa mwana wa Karisa mchana kweupe. Lakini nimemzika ndugu yangu kwa kuficha, na maisha yangu niliyakosa kwa kuficha, na siioni faida iliyobaki ya kukupitisha wewe huko huko.

Kama kuna mtu wa jicho baya pale madukani, basi na atazame. Na yule ambaye shangazi yake yuko Nakuru atajuaje akwambie, kama amesikia umekwenda Marafa kuvuna?

Na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo nimelizungukia tangu nianze kuandika, mpaka taa imebidi iongezwe mafuta.

Yupo mtu wa kukupokea Nakuru. Ni kaka yake muuza duka wa pale kituoni, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, atakungoja gari lisimamapo, na mkewe ameandaa pa kulala. Mke wa mwalimu mkuu naye anakupa koti, ni zito, amekuwa nalo tangu aliposoma bara. Mzee Baya, na uzee wake ule, amesema atakuja mwenyewe kukushika kichwa akuombee. Utajiuliza wamejuaje.

Nilinyamaza siku mbili nzima. Siku ya tatu nilikwenda kununua misumari, nikawakuta watu wamekaa, mmoja wao anajisifu kuhusu mwanawe aliyepata kazi ya kuendesha trekta. Nilivumilia, Mungu ni shahidi. Aliposema trekta kwa mara ya tatu, ikanitoka. Kijiji kizima kinajua, mwanangu. Kakuyuni yote, na Gede nusu. Aliyebaki akidhani ni siri ni hawe peke yake, na wewe. Ukipita mihogoni kesho utawaacha watu wamevaa nguo za Jumapili wanakungoja barabarani, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yao.

Tena neno uuguzi siku hiyo halikunijia upesi, na yule wa trekta alikuwa ananitazama. Kwa hiyo kesho wakikuita daktari, tafadhali itika tu.

Baba yako,
Kazungu